Nilimkataza Mama Mkwe Kushuka Pugu

Siku ile, kila dereva aliyekuwa ndani ya Kreta ya Ngorongoro alisikia jina la mama mkwe wangu kwenye redio, katikati ya taarifa za simba.

Aliyelitaja ni mimi.

Nilikuwa Karatu, gereji, mkono mmoja umeshika mshono wa tumbo na mwingine umeshika redio.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana hapa mtaani imesimuliwa vibaya.

Naitwa Flaviana. Mchaga wa Rombo, nimeolewa na Mmasai wa Piyaya, tunaishi Karatu. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, nasimamia stoo ya lodge moja hapa. Kazi ya stoo inataka mtu anayesema mara moja na kusikilizwa. Mimi ndiye huyo. Kubembeleza sijui.

Mume wangu, Olais, ni dereva wa watalii.

Binti yetu anaitwa Ester, yuko darasa la tatu. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazimika, na la kulia lilikuwa linafuata. Akiangalia katuni anakaa mbele ya runinga mpaka pua inagusa kioo.

Tulihangaika Arusha, tukahangaika Moshi, mwisho tukaelekezwa Dar es Salaam kwa daktari bingwa aliyekuja kutoka nje kwa wiki moja tu. Wiki ikiisha anarudi kwao.

Tukapewa nafasi. Sharti likawa moja: mtoto alazwe Alhamisi kabla mapokezi ya wodi hayajafungwa jioni, ili apasuliwe Ijumaa. Asipofika, anaingia mtoto mwingine.

Na watoto wengine walikuwa wengi tu.

Sasa angalia mkosi wenyewe. Mimi nilikuwa nimetoka kujifungua kwa operesheni, kukohoa tu kazi. Olais alikuwa na wageni wa safari ndefu, msimu umechanganya, na dereva anayeacha wageni porini huyo ameacha na kazi.

Akabaki mama yake.

Sisi tunamwita Yeyo, ndivyo Wamasai wanavyomwita mama. Jina lake Nasieku. Kiswahili anakijua kidogo, cha sokoni. Kusoma hajui. Lakini macho yake yanaona mbuzi aliyepotea upande wa pili wa bonde.

Ester yeye haoni, ila mdomo anao, anaongea mpaka unamwomba apumzike.

Basi nikapiga hesabu yangu: bibi atakuwa macho, mjukuu atakuwa mdomo. Wawili hao ukiwaunganisha unapata msafiri mmoja kamili.

Basi la moja kwa moja hadi Dar nililikataa, miguu ya Yeyo huvimba. Wapande basi hadi Dodoma, pamoja na mke wa mchungaji wetu aliyekuwa anakwenda huko, walale naye, asubuhi awapandishe treni ya umeme. Tiketi nikakata mimi mwenyewe kwenye simu.

Swali likabaki moja. Washukie wapi?

Ikikaribia Dar, treni inasimama kwanza Pugu, pembeni ya jiji, ndipo inamalizia stesheni kubwa ya mjini.

Jioni moja tukalikalia hilo sebuleni. Olais alikuwa nyumbani bado. Yeyo alikuwa kwenye kigoda chake, anatunga shanga. Kwenye simu, sauti kubwa, alikuwa Senteu.

Senteu ni mdogo wake Olais. Ni dalali wa ng'ombe mnada wa Pugu. Ana simu tatu, kofia ya kauboi, na mdomo ambao haujawahi kupata likizo. Mara ya mwisho kuja kwangu alilala kwenye kochi jipya na viatu vya mnadani. Hilo sijasahau.

"Shem," akasema, "waache washuke Pugu. Mimi nipo hapo hapo. Nitawapokea."

"Hospitali iko mjini, Senteu. Pugu ni shamba."

"Shamba? Shem, Pugu kuna watu wanaomjua marehemu baba. Ng'ombe wake wote walikuja hapa. Stesheni ya mjini ni kubwa, ina ngazi zinazotembea zenyewe. Yeyo atazipandaje na mtoto haoni?"

"Atajifunza. Na Edna atakuwa pale anawasubiri."

Edna ni mdogo wangu wa tumbo moja. Anafanya kazi ofisini, anavaa vizuri, anaongea na manesi wakamsikia. Nilitaka binti yangu apokelewe na mtu wa aina hiyo.

"Edna mwenyewe anajua treni inaingia lini?" Senteu akauliza.

"Wewe pokea ng'ombe," nikamwambia. "Watu atapokea Edna."

Olais akakohoa. Yeyo akaacha shanga, akafungua mdomo.

"Yeyo usijali," nikamwahi. "Nimeshapanga kila kitu. Mkae mpaka mwisho. Mkiona watu wote wanashuka, na nyie mshuke."

Akanitazama. Akafunga mdomo. Akarudi kwenye shanga.

Nikajua amekubali.

Safari ikaanza vizuri. Wakafika Dodoma salama. Alhamisi asubuhi mke wa mchungaji akanipigia, wameshapanda, wamekaa dirishani, Ester anamhoji mhudumu maswali ya treni.

Nikaongea na Ester. "Mama, hii treni haitikisiki hata kidogo. Koko anasema ni kama imekufa." Koko ni bibi kwa Kimasai.

"Zimeni simu," nikamwambia. Simu niliyowapa ilikuwa ya zamani, betri imechoka, ukiiangalia tu inapungua. "Mtawasha mkifika mwisho."

"Sawa mama."

Simu ikazimwa. Na mimi nikaanza kungoja.

Kungoja ukiwa na mshono na kichanga ni adhabu ya pekee. Nilinyonyesha, nikapanga nguo, nikapangua, nikapanga tena. Saa ya kufika ikafika.

Nikapiga. Haipatikani.

Nikampigia Edna.

"Niko hapa stesheni, dada," akasema. "Nawasubiri."

"Treni imeingia?"

"Ndiyo inaingia."

Nikashusha pumzi. Nikamwacha kidogo, nikapiga tena.

"Edna?"

"Dada, siwaoni."

"Huwaoni vipi? Bibi wa Kimasai, shuka nyekundu, na mtoto mwenye miwani mikubwa."

"Watu wameshatoka wote, dada. Wameisha. Hawamo."

 Sisemi kwa kupamba. Nilisikia baridi kutoka utosini hadi kwenye mshono.

"Uliza walinzi."

"Nimeuliza. Hawajawaona."

Nikapiga simu ya Yeyo mpaka kidole kikafa ganzi. Haipatikani. Haipatikani. Yule dada wa mtandao anasema hivyo kwa upole mpaka unatamani kumchapa.

Nikaanza kuona picha. Yeyo kwenye ngazi zinazotembea, anaanguka. Ester ameachia mkono wake, anapapasa katikati ya umati. Mtu mwenye tabasamu anamshika bega, anamwambia njoo mwanangu mama yako yuko huku.

Na nikaona jioni inaingia, muuguzi anafunga dirisha la mapokezi, na jicho la mwisho la mwanangu linafungwa nalo.

Nilikaa chini sakafuni. Nikalia. Jirani yangu alikuja na sufuria ya uji, akakuta mtoto analia kitandani na mama analia chini.

"Mama Ester, kuna nini?"

"Shika mtoto," nikasema. "Nakwenda gereji."

"Na mshono huo?"

"Shika mtoto."

Olais alikuwa ndani ya Kreta na wageni wake. Kule chini simu inashika inapotaka yenyewe. Kinachoshika ni redio za magari. Ofisi ya kampuni yao ina redio kubwa hapo gereji, njia ya kutokea mjini. Nilitembea kwa miguu, nimejikunja kama bibi kizee, watu wa bodaboda wananiita "mama twende" nami sina hata sauti ya kuwakataa.

Anayekaa na redio anaitwa Apolinari, mtu wa Kibosho, mzee mpole. Aliponiona akasimama.

"Mama Ester? Wewe si umejifungua juzi?"

"Niitie Olais."

"Kuna tatizo la mtoto?"

"Apolinari, niitie Olais."

Akavuta kipaza sauti. Redio ilikuwa inaongea. Madereva walikuwa wanapeana habari za wanyama, ndivyo wanavyofanya kazi: mmoja akiona kitu, anawaambia wenzake.

"Simba jike na watoto wawili, pembeni ya msitu wa Lerai. Wamelala tu, hawana haraka."

"Nakusoma. Nakuja na wazungu wanne, usiwaamshe."

Apolinari akaingilia. "Ofisi kwa Olais. Ofisi kwa Olais. Unanipata?"

Mikwaruzo.

"Olais hapa. Endelea."

Sikungoja. Nikampokonya.

"Olais, mama yako amepotea. Nasieku amepotea Dar, na mtoto. Treni imefika, watu wameisha, hawamo. Simu imezimwa. Nifanye nini? Niambie nifanye nini."

Redio yote ikanyamaza. Jike na watoto wakasahaulika. Nasikia magari yote yaliyokuwa kule chini yalizima mazungumzo, na wageni wakaanza kuwauliza madereva wao yule mwanamke anayelia ni nani.

Halafu sauti ya mume wangu, taratibu mno.

"Nani amekwambia watu wameisha?"

"Edna. Yuko pale."

"Umempigia Senteu?"

"Senteu wa nini? Mtu wa ng'ombe atanisaidia nini saa hizi?"

"Flaviana." Akaniita jina, jambo ambalo halifanyi mbele za watu. "Mpigie Senteu."

"Sina namba yake."

Ni kweli. Niliifuta siku ya kochi.

Ikaingia sauti ya dereva mwingine redioni. "Shemeji, Josephati hapa. Ninayo. Nilimuulizia madume ya harusi ya dada yangu. Andika."

Akaisoma namba mbele ya Kreta nzima, akairudia. Apolinari akaiandika kwenye kiganja, akapiga kwa simu ya ofisi, akanipa.

Ikaita mara moja tu.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi. Flaviana."

"Eeh. Shem. Leo umenikumbuka."

"Senteu, Yeyo na Ester wamepotea stesheni."

"Stesheni ipi?"

"Ya mjini. Treni imefika, hawamo."

 

"Shem, treni ipi hiyo iliyofika?"

"Hiyo waliyopanda. Ya kutoka Dodoma."

"Hiyo bado haijafika hata Pugu. Mvua imepiga sana huko njiani, inakuja taratibu, wametutangazia. Mimi nimesimama hapa stesheni tangu asubuhi na viatu vinanibana."

Kulikuwa na tairi la gari pembeni yangu. Nikalikalia.

"Bado haijafika?"

"Bado. Watakuwa wamekaa kwenye viti vyao, wanakula karanga."

Kichwa kikaanza kufanya kazi, polepole. Kama treni haijafika Pugu, basi mjini haijafika. Na kama mjini haijafika, nani kashuka? Watu gani walioisha?

"Na wewe," nikamuuliza, "unafanya nini hapo?"

"Nimekuja kumpokea mama yangu. Alinipigia kabla hawajapanda basi hapo Karatu. Akasema, Senteu, mke wa kaka yako ameamua tushuke mwisho. Mimi nitashuka Pugu."



Nikakata. Nikampigia Edna kwa simu yangu.

"Upo wapi?"

"Niko hapa hapa stesheni, dada. Nahangaika. Nimezunguka mpaka miguu inauma."

Nyuma yake nikasikia mashine inavuma, na sauti ya mwanamke: "Inamisha kichwa kidogo, mpenzi, maji yasiingie masikioni."

"Edna, treni bado haijafika Pugu."

Mashine ikazimwa.

"Dada, nilijua ningewahi. Uliponibana nikaogopa kusema sijatoka bado. Nilitaka niwe..."

Sikusikia alitaka awe nini. Nikakata.

Fikiria, kama Yeyo angenitii. Angefika mwisho, watu wote washuke, naye ashuke. Asimame pale chini ya taa nyingi na mtoto asiyeona, anamtafuta Edna. Na Edna kichwa kiko kwenye beseni la saluni.

Lakini msidhani dhiki iliisha hapo. Ilibadilika jina tu. Mwanzo nililia kwa kuwa wamepotea, sasa nililia kwa kuwa wamechelewa. Jua la Karatu lilikuwa linakimbia kuelekea kwenye milima kana kwamba limeitwa.

Nikabaki gereji. Apolinari akanipa chai, sikuinywa. Madereva wakawa wanauliza redioni kila mara: "Ofisi, bibi ameonekana?" "Bado." Simba akitajwa, anatajwa kwa kifupi.

Simu ikaita. Senteu.

"Inaingia, shem. Usikate."

Nikasikia ile sauti laini ya treni, halafu milango, halafu watu. Miguu mingi. Senteu anapumua kwa nguvu, anatembea.

"Unawaona?"

"Ngoja."

"Senteu, unawaona?"

"Shem, ngoja. Watu ni wengi."

Nikahesabu pumzi zake. Nikasikia king'ora kidogo cha milango kufungwa.

"Milango inafungwa," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ule mzaha wote umetoka. "Sijawaona. Shem, sijawaona bado."

Apolinari akaniwekea mkono begani. Nilikuwa nimeshaanza kuteleza kutoka kwenye tairi.

Treni ikaondoka. Niliisikia ikiondoka.

Halafu nikasikia Senteu anakimbia. Simu inagonga kifuani mwake, kofia sijui imedondokea wapi, anaita "Yeyo, Yeyo" kwa Kimasai kama mtoto mdogo aliyeachwa malishoni.

Kisha sauti ndogo, ya mbali.

"Mama?"

Nikashika simu kwa mikono miwili.

"Mama, tulikuwa behewa la mwisho kabisa. Koko anasema nikwambie tumeshuka Pugu, na usikasirike."

Niliangua kilio ambacho kiliwatoa mafundi wote chini ya magari. Apolinari akachukua redio, akasema neno moja: "Wamepatikana." Na redio ile, ambayo kwa kawaida ina nidhamu, ikajaa honi za magari kutoka chini ya Kreta. Kama kuna mnyama alikuwa amelala Lerai, aliamka.

"Senteu," nikasema, "mapokezi yanafunga. Mtafikaje mjini na foleni hiyo?"

"Kuna lori hapa. Limeshashusha ng'ombe, linakwenda mjini. Dereva wake anajua vichochoro vyote, hata polisi humuuliza njia."

"Lori la ng'ombe?"

"Shem, watakaa mbele na dereva. Nyuma nitakaa mimi."

Siku nyingine yoyote ningekataa. Ningeuliza usafi, ningeuliza mikanda, ningetaka kuongea na dereva. Siku hiyo nikasema, "Nendeni."

Nilirudi nyumbani kwa kukokotwa. Nikapewa mtoto wangu anyonye, macho yangu kwenye dirisha. Mwanga ukawa wa njano, ukawa mwekundu.

Namba nisiyoijua ikapiga.

"Mama Ester? Nazungumza kutoka wodi ya macho. Tumempokea binti yako. Ilibaki kidogo tufunge."

"Asante. Asante dada."

"Ila mama," akashusha sauti, "huyu baba mdogo aliyewaleta, tunaomba abaki nje. Ananuka sana."

"Mwache anuke," nikamwambia. "Mpe kiti."

Ester alipasuliwa Ijumaa. Jicho la kushoto halikurudi, na halitarudi, tulishaambiwa. La kulia lilibaki. Leo anakaa dawati la mbele na anasoma ubaoni. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko mvua baada ya ukame.

Edna aliomba msamaha kwa ujumbe mrefu, nikamjibu kwa mfupi. Tunaongea. Ila akiniambia "niko njiani" namwomba anipigie picha ya njia.

Ester na Yeyo waliporudi nyumbani, nikampa Yeyo maziwa, nikakaa chini karibu na kigoda chake.

"Yeyo," nikasema, "ulijua tangu siku ile kwamba utashuka Pugu?"

"Nilijua."

"Kwa nini Pugu?"

Akafikiri, anatafuta Kiswahili chake. "Kule mwisho, hakuna mtu anajua mume wangu alikuwa nani. Pugu wanajua. Mtu akinikuta Pugu nimesimama, atauliza, huyu mke wa fulani anangoja nini. Kule mwisho nani atauliza?"



"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akanywa maziwa kwanza. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Ulikuwa unaongea," akasema.

Olais alitoka nje. Alisema anakwenda kuangalia gari, lakini nilimsikia anacheka hadi kwenye geti.

Basi wewe unayemsafirisha mzazi, mgonjwa au mtoto kwenda jiji asilolijua, chukua hili kwangu bure. Usichague stesheni kwa ukubwa wa jengo wala kwa ukaribu wa ramani. Uliza kwanza: akichelewa, akikwama, simu ikizima, ni stesheni ipi ambayo kuna mtu atasimama na kumuuliza wewe ni wa nani? Ashukie hapo. Barabara iliyobaki itatafutiwa gari, hata liwe la ng'ombe. Na ukishamuuliza msafiri, nyamaza, umwachie nafasi ya kujibu.

Mwezi ujao Ester anarudi kliniki, na Yeyo anampeleka tena. Jana nimefungua simu nikate tiketi. Ikaniuliza mwisho wa safari ni wapi.

Nikaiweka mezani. Nikamgeukia Yeyo, nikafunga mdomo wangu, nikangoja.

Akamaliza ushanga mmoja, akachukua mwingine.

"Pugu," akasema. "Na mwambie Senteu safari hii aoge."